Kupaka Ndani na Nje

Ipo mithali ambayo kila mtoto wa shule aijua: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeifundisha miaka mingi, na watoto huiandika kwa hati nzuri katika madaftari yao. Lakini mithali hiyo yatuambia tuzibe. Haituambii tuzibe namna gani. Maana ufa waweza kuzibwa kwa udongo uliokandwa vema, ukashindiliwa mpaka ndani. Tena waweza kupakwa chokaa juu juu, ukuta ukapendeza, na ufa ukabaki pale pale ukingojea mvua. Wote wawili, aliyeshindilia na aliyepaka, watasema, "Nimeziba." Basi leo twataka kuuliza: Kutengeneza kitu kikuukuu kwa haki ni kufanya nini? Na mtu asiye fundi, ambaye kitu hicho ni mali yake, ana wajibu gani juu yake?

Sisi wa Busi tu watu wa nchi kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Hata hivyo fundisho hili tulilipata katika chombo cha baharini, nasi twalileta kwenu kwa kuwa twaamini kwamba mtu aliyelala katika tembe atalielewa upesi. Maana paa la tembe, lile la boriti na fito na majani na udongo juu yake, halianzi kuharibika siku ya mvua. Jua la Septemba ndilo linalolipasua. Mvua ya Desemba huja tu kuionyesha kazi ya jua.

Mwalimu mwenzetu, ambaye tulisoma naye chuoni, ni mwenyeji wa Bagamoyo. Yeye alinunua dau kuukuu kwa fedha kidogo, akaazimu kulitengeneza kwa mikono yake wakati wa likizo, naye akatualika tumsaidie. Dau lile lilikuwa limekaa juu ya mchanga muda mrefu bila kazi. Watu wa bara hudhani kwamba adui wa mashua ni maji. Sivyo kabisa. Mbao zikikaa majini huvimba na kubanana. Zikikaa juani husinyaa, na maungio yake hufunguka hata mtu aweza kuona mwanga kati ya ubao na ubao. Kwa hiyo chombo kilichoachwa juani bila kazi chaweza kuharibika upesi kuliko kile kiendacho kazini kila siku.

Tuliifanya kazi hiyo kwa utaratibu tulioelekezwa na mzee mmoja, fundi wa vyombo, Mwislamu mcha Mungu, ambaye alikuwa akipita pwani kila asubuhi. Kwanza tuliing'oa pamba ya zamani iliyooza katika maungio. Kisha tulisokota pamba mpya iliyotiwa mafuta, tukaishindilia kwa nyundo na chembeu, yaani patasi butu ya kukalafatia. Kazi hiyo yataka kiasi: pamba ikilegea, maji huingia, ikikazwa mno, huusukuma ubao mbali na mwenziwe. Hata misumari huzungushiwa pamba yenye mafuta kabla ya kugongwa, ili maji yasipate njia kandokando yake. Baada ya hayo tulipitisha moto wa makuti makavu chini ya chombo, kuwaua wadudu wa baharini watoboao mbao. Mwisho, sehemu inayozama hupakwa shahamu, ndiyo mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haikututoka nguoni hata tulipofika Dodoma. Wala kazi hii si ya mara moja. Mwenye dau huirudia tena na tena, maadamu ana dau.

Tena kazi hii ina saa yake. Dau hupandishwa juu pwani na kuteremshwa wakati wa bamvu, maji makuu yajayo mara mbili kila mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtu akizikosa siku hizo, hana budi kungoja kama siku 14.

Basi jioni ya siku ya mwisho ya kazi, mwenzetu alipokuwa akikwangua karibu na mkuku, kisu chake kiliingia katika ubao kama kiingiavyo katika muhogo uliopikwa. Ubao ulikuwa umeoza, mahali pa urefu wa mkono. Kesho yake ilikuwa siku ya kuliteremsha dau, na likizo yetu ilikuwa inakwisha. Tulitazamana. Ndipo likatoka neno, nalo lilitoka kinywani mwetu sisi, si mwake: "Paka shahamu. Hapa chini hakuna atakayeona." Akapaka. Tukasimama mbali kidogo tukalitazama dau, nalo lilikuwa jeupe na zuri, kana kwamba limetoka kwa fundi siku ile.

Kabla ya alfajiri mwenzetu alituamsha. Alisema, "Mwalimu, sikulala. Dau hili nimelinunua niwachukue watoto wa ndugu yangu. Je, ni nani kati yao nitakayemketisha juu ya ubao ule?" Hatukuwa na jibu. Tulichukua taa tukaenda pwani, tukaikwangua shahamu tuliyoipaka jana yake. Kulipopambazuka yule mzee alikuja. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, akainama, akautia ubao kidole, kisha akasema, "Wanangu, shahamu ni nguo. Nguo haiponyi kidonda." Akaukata ule ubao, akatia mwingine wa mwembe uliokauka vema. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Bamvu ikapita. Dau likakaa mchangani nusu mwezi tena, nasi tulirudi Busi bila kulipanda hata mara moja. Baadaye mwenzetu alituandikia kwamba limeteremshwa. Siku ya kwanza lilivuja kidogo, kisha mbao zikavimba na maji yakakoma.

Tangu siku ile tumeyafikiri mambo matatu.

La kwanza ni hili: Je, chombo kilichobadilishwa mbao ni kile kile? Swali hili ni la kale. Wayunani wa Athene walikuwa na mashua ambayo watu waliiita ya Theseus, shujaa wao, nao waliondoa kila ubao uliooza na kutia mwingine mahali pake, hata wenye hekima wao wakabishana: wengine walisema ni ile ile, wengine walisema siyo. Huku kwetu pwani palikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za nazi; na kamba zikichakaa, kilishonwa upya. Sisi si wenye hekima wa Athene, lakini twaona kwamba mashaka haya hayamsumbui mwenye kushika nyundo. Tembe ya babu ikibadilishwa nguzo hii mwaka huu na boriti ile mwaka ujao, hakuna asemaye kwamba si nyumba ya babu. Nguzo hubadilishwa, lakini pokezano la mikono halikatiki: kila ubao mpya ulitiwa na mtu aliyeujua ule wa zamani na kujua kwa nini umeondolewa. Pokezano hilo likikatika, hata mbao zote zikiwa za kwanza, twaona kwamba kimebaki kiunzi tu.

La pili: Je, yafaa mtu asiye fundi aitie mikono yake katika kazi ya namna hii? Wako wasemao, "Mimi ni mwalimu, mimi ni karani, kazi ya nyundo ina wenyewe." Mtu huyo hainami chini ya mali yake hata siku moja, fundi mwongo akimwambia kwamba imepona, huamini, na fundi mkweli akimwambia kwamba imeoza, hudhani anaibiwa. Wako na wengine ambao wakisokota pamba mara moja hujiona mafundi. Wote wawili wamekosa. Wajibu wa mwenye mali si kujua yote, bali ni kuujua ukweli wa mali yake mwenyewe, na kujua mahali ambapo mkono wake unakoma na mkono wa fundi unaanza. Huko Uingereza wako watu wengi wasio mafundi walio na mashua za mifereji, nyembamba sana, zenye upana wa futi 7 hivi. Nyingi ni za chuma, na kila baada ya miaka michache hutolewa majini zikakwanguliwa na kupakwa rangi nyeusi, kwa kuwa kutu hula bati la chini mahali pasipoonekana. Mwenye mashua hushika brashi mwenyewe. Lakini bati likiwa jembamba mno, hana budi kumwita mtu wa kuliunga kwa moto. Hata katika Biblia hatusomi kwamba Nuhu alikuwa fundi wa vyombo. Twasoma tu kwamba alipewa vipimo, akavifuata. Na katika Mwanzo sura ya 6 aliamriwa kuipaka safina lami ndani na nje. Tuliyasoma maneno hayo mara nyingi bila kuyafikiri. Nje huonekana na watu wapitao. Ndani huonekana na wale tu watakaofungiwa humo.

La tatu ni juu ya kazi isiyoonekana, nalo lina mfano mkubwa katika nchi yetu. Mwaka 1913 ilijengwa meli huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka huko ikasafirishwa kwa reli ipitayo Dodoma hata pande za Kigoma. Iliteremshwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, wakati wa vita. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walipoiacha Kigoma waliizamisha wenyewe, adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Fikirini jambo hili, ndugu: kuipaka mafuta mitambo ambayo kesho itakuwa chini ya maji! Waingereza waliiopoa mwaka 1924, mitambo ikaonekana ingali yafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lile. Baada ya hapo ilichukua abiria miaka mingi sana. Twadhani mafundi wale walitumaini kwamba watu wao watarudi, lakini hawakurudi. Faida ya mafuta yao iliwapata akina mama wenye vikapu vya dagaa, ambao hawakuyajua majina yao. Kazi ya kweli iliyofanywa mahali pa siri huweza kuipita nia ya aliyeifanya. Kadhalika na uongo uliofanywa mahali pa siri: nao huwafikia watu ambao hatukuwakusudia.

Huenda msomaji atauliza, "Je, hakuna wakati wa kukiacha kitu kikuukuu?" Uko. Kisu kikiingia katika ubao huu na ule, na mataruma yasiposhika msumari tena, basi kuendelea kutia viraka ni ukaidi. Bwana wetu alikwisha kutuonya juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu, jinsi kinavyolirarua zaidi. Wakati huo haki ni kusema wazi, "Chombo hiki kimekwisha," na kuzitumia mbao zake kwa kuni. Kwa kuwa hatuwezi kujua kama wakati huo umefika ila kwa kukwangua, mwenye kupaka juu juu hajui kamwe kama chombo chake chafaa kuponywa au chafaa kuachwa.

Twaona jambo hili si la mbao tu. Mara nyingi katika vijiji vyetu ndugu wawili waliogombana kwa mpaka wa shamba huletwa mbele ya wazee, wakapeana mikono, watu wakafurahi, na kila mtu akaenda kwake. Lakini neno lenyewe lililowagombanisha halikutajwa, kwa kuwa wazee walikuwa na haraka na jua lilikuwa linakuchwa. Hiyo ni shahamu. Inapendeza, nayo itakaa hata mvua ya kwanza. Heri wapatanishi wenye kuupoteza mchana mwingine, wakalikwangua neno mpaka mzizi wake.

Nasi hatuandiki haya kama watu wasio na kosa. Mwaka ule tuliporudi kutoka Bagamoyo, tulipanda juu ya tembe ya baba yetu, mwezi wa Oktoba, kwa jembe dogo. Tulikuwa tumelitengeneza paa lile miaka mitatu mfululizo, na baba alikuwa akitusifu mbele ya majirani. Tulipochimba tulikuta udongo wa mwaka wa kwanza, na juu yake wa pili, na juu yake wa tatu, tabaka juu ya tabaka, mzigo mzito. Na chini ya yote boriti iliyoliwa na mchwa. Kila mwaka tulikuwa tumeuongeza uzito juu ya mti uliokufa, tukiita kazi hiyo kuziba. Na chini ya boriti ile palikuwa na mkeka wa wazazi wetu.

Tuliiondoa boriti. Baba alisikitika kuliona paa lake wazi, akatuuliza kwa nini tumebomoa kitu kilichokuwa kizima. Tulimpa kipande cha ile boriti akishike. Akakibonyeza, kikavunjika mkononi mwake kama mkate mkavu, naye hakuuliza tena.

Ndugu wasomaji, mvua haijafika bado. Pandeni mkatazame, tena msitazame kwa macho tu. Chukueni kisu.