Danieli alisoma miaka mitatu

Somo letu: Danieli 1:3-20



Kila mwaka matokeo ya egzameni ya serikali yanapotoka, meza ya mashemasi haikosi wazazi. Wanauliza: “Mtoto amepata diploma. Sasa tumpeleke chuo kikuu, ao tumtafutie kazi?” Wengine wanauliza kwa huzuni, kwa sababu mtoto wa jirani alimaliza miaka yake yote, alivaa toga, alipigwa picha, na leo anauza initi za simu kando ya kituo cha basi. Wengine wanaogopa jambo lingine: kwamba mtoto akifika kule atajifunza kucheka maombi ya baba yake. Maulizo hayo mawili si ya kijinga. Tumeona vema kuyajibu hapa, kwa Maandiko na kwa mambo tunayoyajua.

Danieli tunamhubiri mara nyingi, lakini tunamhubiri Danieli wa tundu la simba. Danieli wa kalasi tunampita. Sura ya kwanza inatuonyesha kwamba mfalme wa Babeli aliagiza vijana wa Yuda wafundishwe lugha na maandiko ya Wakaldayo, na muda wa masomo ulikuwa miaka 3. Tufikiri vizuri, wandugu. Babeli ndiyo iliyouzunguka Yerusalema na kuchukua vyombo vya hekalu. Vitabu vile havikuandikwa na manabii wa Israeli. Danieli alikataa chakula cha mfalme, akakataa na divai yake. Lakini hatusomi mahali popote kwamba alikataa kitabu. Tena mstari wa 17 unasema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa vijana wale wanne maarifa katika elimu ile. Kisha siku ya kupimwa ikafika. Hawakumwambia mfalme kwamba wao ni watu wa maombi na kwa hiyo wasiulizwe. Waliulizwa, wakajibu, wakaonekana kuwapita wengine mara 10.

Musa naye alifundishwa hekima yote ya Misri (Matendo 7:22), na Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli (Matendo 22:3). Hatuna haja ya kuongeza mengine.

Hata katika nchi yetu, Papa Simon Kimbangu, ambaye makanisa mengi ya kinabii yanamheshimu, alisoma kwa wamisionari Wabatisti wa Ngombe Lutete kabla ya kuanza kazi yake mwaka 1921. Wabelgiji walimfunga miaka 30, na alikufa hapa Lubumbashi, wakati mji ukiitwa Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Chuo kikuu kilianza katika mji huu huu miaka 5 baadaye, mwaka 1956. Lovanium ya Kinshasa ilikuwa imetangulia mwaka 1954, na kile cha Waprotestanti, Kisangani, kikafuata mwaka 1963. Basi uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu katika nchi yote nzima hawakufika 30. Mlango ule haukufungwa kwa kusahau. Mtu aliyefundishwa kusoma barua tu, unaweza kumtuma popote. Mtu aliyefundishwa kuuliza, kumtuma ni kazi ngumu.

Na hapo ndipo tunataka kukaa kidogo. Mzazi anafikiri mtoto anakwenda kutafuta karatasi. Karatasi iko, na ina faida yake, lakini kitu anachokwenda kujifunza ni kuuliza na kupima.

Tuchukue mfano wa wachimbaji wa Kolwezi. Wandugu zetu wengi wanafanya kazi ile. Mtu anashuka shimoni, anatoa mfuko wa malakiti, lile jiwe la kijani, anaupeleka depo. Mnunuzi anaweka kimashini chake juu ya jiwe, anasoma namba, anasema, “Shaba ni kidogo,” na bei inashuka. Mchimbaji anarudi nyumbani akiwaza kwamba kuna mtu wa jamaa anayefunga bahati yake. Lakini mwanafunzi wa jeolojia anajua kwamba malakiti safi kabisa ina shaba karibu 57 kwa 100 na haiwezi kupita hapo sana. Anajua kwamba maji ndani ya mfuko yanaongeza uzito pasipo kuongeza shaba. Anajua pia kwamba kipimo cha jiwe moja la juu si kipimo cha mfuko mzima: lazima kutwaa mawe ya pande zote, kuyasaga, kuyachanganya, kupima tena na tena. Hatusemi kila mnunuzi ni mwizi. Tunasema hivi: asiyejua kupima hawezi kujua kama ameibiwa ao hakuibiwa, na mwishoni atamshitaki shangazi yake bure. Ni nyumba ngapi katika makutaniko yetu zimevunjika ginsi hiyo?

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi zaidi, kwa sababu kanisa letu ni kanisa la maombi ya uponyaji.

Munganga Denis Mukwege wa Bukavu, mnamjua wote. Baba yake alikuwa mchungaji wa Wapentekoste. Mukwege amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kuwaombea wagonjwa, na siku moja alimuuliza kwa nini anaomba tu pasipo kutoa dawa. Baba alimjibu kwamba yeye si munganga. Kazi yake ni kuomba, na dawa ni kazi ya wengine. Tuangalie vizuri mzee yule. Hakuona ulizo la mtoto kuwa ukosefu wa imani. Na mtoto alikwenda kusoma unganga Bujumbura, kisha Angers kule Ufaransa, akaanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa Zawadi ya Nobel ya Amani kwa sababu ya wanawake aliowatibu. Maombi ya baba hayakupotea, na mwana hakuyacheka.

Tena tumwangalie Profesa Jean-Jacques Muyembe. Huyu alisoma unganga Lovanium, akaendelea Leuven kule Ubelgiji. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, upande wa kaskazini, mahali ugonjwa usiojulikana ulipokuwa unaua watu katika misioni. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Akaona kwamba pale sindano ilipoingia, damu inazidi kutoka, haikatiki. Wengine walifikiri ni tifoidi ao homa ya manjano, lakini jambo aliloliona halikufanana na yale aliyoyajua. Hakujifanya amekwisha kufahamu. Alinawa mikono kwa maji na sabuni, akarudi Kinshasa pamoja na mtawa mgonjwa, na damu ya mtawa yule ikapelekwa Ubelgiji. Hivyo ndivyo Ebola ilivyopata kutambulikana. Mwaka 1995 ugonjwa ukashika Kikwit, na kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona kule, yeye pamoja na wataalamu wa Marekani walipata dawa ambayo wagonjwa wa Beni na Butembo walitibiwa nayo katika ule mlipuko wa 2018 hadi 2020.

Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Dawa ilikuwapo. Lakini wengi waliwakimbia waganga, na wengine walipelekwa kwanza katika vyumba vya maombi, na ugonjwa ukawashika hata wale waliokuja kuomba. Tunaandika neno hili kwa machozi, si kwa kuwahukumu. Kama katika kila chumba kile kungekuwa na kijana mmoja tu aliyesoma, naye akasikilizwa, angesema: “Baba, tuombe, lakini tusimguse, tena tumwite munganga leo.” Neno kubwa ni hilo, akasikilizwa. Kumpeleka mtoto chuo kikuu kisha kumwambia anyamaze mbele ya wazee ni kutupa feza ya minervali mtoni.

Tuseme pia juu ya kalamu. Kabla ya mitihani vijana wanaleta kalamu zao ziombewe. Tunaziombea, na tutaendelea kuziombea, kwa sababu mtoto anayeogopa anahitaji mkono wa kanisa juu yake. Lakini kijana asiyefungua silabusi tangu mwanzo wa mwaka, akaja na kalamu tatu siku ya mwisho, huyo anamtaka Mungu aandike mahali ambapo yeye hakulima. Danieli alipewa na Mungu maarifa, ndiyo, na alipewa akiwa ndani ya miaka yake 3 ya kusoma.

Na kuna jambo baya kuliko uvivu. Tumewasikia watoto wetu wenyewe wakisimulia kwamba katika chuo fulani, ambacho hatutakitaja, pointi zinauzwa kwa feza, na kwa mabinti zinatakwa kwa mwili. Wazazi, msimwambie binti yenu avumilie kwa sababu mwaka utapotea. Afadhali mwaka upotee. Akija kwenu na neno kama hilo, mleteni kwa mama mashemasi, naye atasikilizwa pasipo aibu. Na kijana aliyenunua pointi zake, siku atakapokuwa munganga ao mjenzi wa madaraja, ni nani atakayelipa? Atalipa mgonjwa, na atalipa anayepita juu ya daraja.

Turudi kwa wale wanaosema masomo hayaleti kazi. Hatuwezi kuwadanganya. Nchi yetu ina waliosoma wengi na viti vichache, na zaidi ya mara moja tumeona kiti kikipewa mwenye mjomba mkubwa. Kwa hiyo mzazi afikiri kabla ya kuuza kiwanja. Si lazima kila mtoto aende sheria ao uchumi, mahali ambapo wanafunzi wanakaa mia kadhaa katika chumba kimoja wakitafuta kusikia sauti ya profesa. Kuna ISP zinazofundisha walimu, kuna ISTM zinazofundisha wauguzi, na kijiji kisichokuwa na mwalimu wala muuguzi bado kinamngojea mtu. Muulizeni mtoto anataka kufahamu nini, kabla ya kumuuliza atapata mshahara gani. Tena muda umebadilika: zamani ilikuwa miaka 3 ya graduati na 2 ya lisansi, tangu masomo ya mwaka 2021-2022 wameanza utaratibu mpya, na lisansi inapatikana kwa miaka 3, kisha masta miaka 2. Msishangae basi mtoto akisema amekwisha kuwa na lisansi mapema kuliko kaka yake.

Kuna faida moja ambayo haiandikwi katika diploma. Katika Katanga yetu, mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, Likasi na Kolwezi, na wengi walilala kwenye magare ya treni wakingoja, watoto wakifa kando ya reli. Waliochochea moto ule hawakuwa wajinga wote. Wengine walikuwa wamesoma sana. Kwa hiyo hatusemi kwamba masomo yanatakasa moyo. Kazi ile ni ya Roho. Lakini kijana Muluba wa Kasai na kijana Mubemba wakilala katika chumba kimoja cha homu, wakipika bukari katika sufuria moja, wakigawana silabusi moja kwa sababu hakuna feza ya kununua mbili, ni vigumu kesho mtu kuja kumwambia mmoja kwamba mwenzake ni nyoka. Atajibu, “Huyu ninamjua.” Neno hilo tumelisikia kwa masikio yetu kwa watoto wa kutaniko hili.

Neno moja kwa wazee wenzetu, na tunalisema pole pole. Mtoto akirudi na elimu yake atauliza maulizo hata hapa. Atauliza sadaka ya Yenga ilikuwa ngapi, nani aliihesabu, na imeandikwa wapi. Msiseme kwamba chuo kikuu kimemharibu. Mpeni daftari ahesabu pamoja nasi. Tumekwisha kumweka binti mmoja wa uchumi kwenye meza ya hesabu, na sasa kila mshiriki anaweza kuja kuona daftari lile kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 9 za alasiri.

Basi, wazazi ambao watoto wao wamepata diploma ya serikali mwaka huu walete majina kwa mashemasi kabla ya Yenga ya pili ya mwezi ujao, wakiandika na masomo ambayo mtoto anayataka. Wanafunzi wakubwa watakaa nao baada ya ibada, chini ya mwembe, wawaeleze ginsi ya kujiandikisha, minervali inalipwa kwa mafungu gani, na silabusi za zamani zinapatikana kwa nani. Wamama wa jikoni wameahidi chai na mikate. Na wenye vitabu ambavyo hawavisomi tena, wavilete siku hiyo hiyo. Sanduku litakuwa karibu na mlango.