Fundi na Ndege Yake

Tangu zamani watu wamekuwa wakiulizana: mhunzi aliyefua panga, je, ana fungu lake katika damu iliyomwagwa kwa panga hilo? Wengi hujibu upesi kwamba hana. Panga hufyekea shamba na hukatia kuni. Akitokea mwovu akalitumia kwa shari, lawama ni ya mwovu huyo. Jibu hilo latosha kwa mhunzi wa panga. Lakini vipi yule aliyefua mkuki wa vita, akijua fika kuwa ni wa vita, na akaufanya mzuri kuliko mikuki yote kwa sababu tu aliupenda uzuri?

Huenda msomaji akashangaa nikisema kwamba swali hili limenisumbua zaidi kwa sababu ya filamu za katuni. Nazungumzia zile za Studio Ghibli ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Hayao Miyazaki, Isao Takahata na Toshio Suzuki. Wako wanaodhani katuni ni mambo ya kuwachekesha watoto. Hao hawajazitazama hizi.

Tuanze na jina lenyewe. Ghibli ni upepo wa joto wa jangwani huko Libya. Waitaliano walilichukua neno hilo wakaipa ndege yao moja ya kijeshi, iliyoundwa na kampuni ya Caproni na kutumiwa katika koloni lao la Libya. Miyazaki, ambaye amependa ndege tangu utoto, naye akalichukua kwa ajili ya studio. Caproni mwenyewe yumo katika filamu yake ya mwaka 2013, Kaze Tachinu, yaani Upepo Unavuma: Mtaliano mchangamfu mwenye masharubu, anayemjia kijana wa Kijapani ndotoni na kumweleza kuwa ndege ni ndoto nzuri. Kwetu sisi Waafrika jina hilo lina harufu nyingine. Ndege za Caproni zilikuwa miongoni mwa zile zilizoipiga Ethiopia kwa mabomu mwaka 1935 na 1936, katika vita ambavyo Waitaliano waliwamwagia watu sumu kutoka angani. Hayo hayamo katika filamu.

Kijana yule ni Jiro Horikoshi, mhandisi wa kweli wa kampuni ya Mitsubishi, aliyebuni ndege ya kivita iitwayo Zero. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Zilishiriki katika shambulio la Pearl Harbor Desemba 1941, na kuanzia 1944 vijana walipandishwa humo ili wajibamize nazo kwenye meli za adui. Filamu yamwonyesha mtu mpole, mwenye bidii, ambaye hata akila samaki huacha chakula na kuustaajabia mwiba kwa jinsi ulivyopinda. Katika kikao kimoja anawaambia wenzake kwamba tatizo la uzito wa ndege lingekwisha kama wangeziondoa bunduki. Wote wanaangua kicheko. Kwangu mimi kicheko hicho ndicho kiini cha filamu nzima. Kila aliyekuwamo chumbani alijua ndege ile ni ya kazi gani. Wakacheka, kisha wakarudi kwenye meza zao kuendelea kuchora.

Filamu ilipotoka, wako Wajapani waliomwita Miyazaki msaliti, kwa kuwa wakati huohuo alichapisha makala ya kupinga kubadilishwa kwa katiba ya nchi yao inayokataa vita. Na huko Korea wako waliomlaumu kwa kumpamba mtengenezaji wa silaha. Kulaumiwa na pande zote mbili si ushahidi kwamba mtu amesema kweli, ijapokuwa sisi waandishi hupenda kujifariji hivyo.

Mimi naona Wakorea walikuwa na hoja. Mwishoni Horikoshi anasikitika kwamba katika ndege zake haikurudi hata moja. Ni majonzi ya kweli, lakini ni majonzi ya fundi juu ya kazi yake na juu ya marubani. Zilikokwenda hizo ndege, na waliokuwa chini yake, hakuna anayeuliza. Kwa hiyo filamu hii sharti itazamwe pamoja na nyingine ya studio hiyohiyo, Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, ya mwaka 1988. Aliyeitengeneza ni Takahata, ambaye Juni 1945, akiwa na miaka tisa, alikimbia moto pamoja na dada yake mji wa Okayama ulipochomwa na mabomu. Filamu yake ni ya kaka na dada mdogo wa mji wa Kobe. Mama yao anaungua hadi kufa, na yule binti wa miaka minne anaisha kwa njaa polepole mbele ya macho yetu. Humo ndege ni vitu vya mbali vinavyopita juu. Hakuna mwenye nafasi ya kusifu mabawa.

Hata hivyo nisingependa kumwekea Horikoshi mzigo wote, maana mkuki haumlishi mhunzi peke yake. Miyazaki alizaliwa mwaka 1941, na kiwanda cha jamaa zake, alichokisimamia baba yake, kilitengeneza vipande vya ndege hizohizo za Zero. Vita vile vilikuwa neema kwa nyumba yao. Julai 1945, mji wa Utsunomiya walikokuwa wamehamia ulipopigwa mabomu, walikimbia kwa lori dogo, wakati ambapo wengi walikimbia kwa miguu. Amesimulia kwamba mtu mmoja aliyebeba mtoto aliwasihi wapakiwe, na lori likaondoka bila wao. Yeye, mwenye miaka minne, alikuwa amekaa ndani.