Faradhi ya Ain na Faradhi ya Kifaya: Swali la Kozi za Lazima Chuoni

Chuo kikuu kinapoketi kuupitia upya mtaala wake, suala la kozi za lazima kwa wanafunzi wote aghalabu huamuliwa kwa mapatano badala ya hoja. Wanakamati huhesabu saa za mihadhara, kila idara hulinda fungu lake, kisha orodha hupelekwa mbele ya Seneti na kupitishwa. Swali lisilofikiwa ni la kimaadili: chuo kina haki gani ya kumlazimisha mtu mzima, aliyekuja kusomea uhandisi au sheria, atumie sehemu ya umri wake na karo yake katika somo ambalo hakulichagua? Makala haya yanashikilia kwamba haki hiyo ipo, ila ni finyu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba inamfunga anayelazimisha kabla ya kumfunga anayelazimishwa.

Kiswahili kina istilahi zinazoweza kulifafanua suala hili vizuri zaidi kuliko maneno “elimu ya jumla”, ambayo hayasemi ni jumla ya nini. Wanazuoni wa fiqhi hutofautisha faradhi ya ain, inayompasa kila mtu binafsi, mathalani sala tano, na faradhi ya kifaya, ambayo wakiitekeleza baadhi ya watu wengine huondokewa na dhima, mathalani kumzika maiti. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutumia mgawanyo huo kuainisha elimu katika Ihya Ulum al-Din, na tiba na hesabu akaziweka katika kifaya. Hakuzidunisha kwa kufanya hivyo. Alichokisema ni kwamba jamii haiwezi kuishi bila wajuzi wa fani hizo, lakini si lazima kila mtu awe mjuzi.

Ukiondolewa mazingira yake ya kidini, mgawanyo huu unatoa kipimo chepesi kukitaja na kigumu kukitii: je, elimu hii yaweza kuwakilishwa? Daktari huvuka daraja bila kuzijua hesabu zilizolisimamisha, kwa kuwa mhandisi amemjulia. Hawezi, hata hivyo, kumtuma mwingine aamini badala yake, apime ushahidi badala yake au apige kura kwa niaba yake. Elimu ya namna hii ya pili ndiyo pekee ambayo chuo kinaweza kumlazimisha kila mwanafunzi kuipata. Nyingine zote, hata ziwe tukufu namna gani, ni za kushawishi.

Kozi nyingi zilizopo hazikuingia kwa kipimo hiki. Baada ya serikali ya Kenya kuutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, vyuo vikuu kadhaa nchini vililifanya somo kuhusu ugonjwa huo kuwa la lazima. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani hakuna awezaye kumwachia jirani maarifa yanayouhusu mwili wake mwenyewe. Ila kozi, tofauti na janga, haina siku ya kutangazwa kwisha. Maarifa yale yale yakishafundishwa tangu shule ya msingi, kinachobaki chuoni chaweza kuwa marudio yanayodumu kwa sababu tu hakuna aliyepewa jukumu la kuyaondoa.

Mfano wa Dar es Salaam una uzito zaidi. Kufuatia Azimio la Arusha la 1967, Taaluma za Maendeleo zilifanywa somo la lazima kwa wanafunzi wa fani mbalimbali. Msingi wake ulikuwa imara: msomi anayegharamiwa na wakulima hana budi kuielewa jamii inayomgharamia. Hatari yake ilikuwa kwamba dola iliyoliagiza somo ilikuwa pia na majibu yake mkononi. Kumtaka mtu aichunguze jamii yake ni jambo moja. Kumtaka afikie natija iliyokwisha kuandikwa ni jambo jingine. Na ni Mlimani papo hapo ambapo Issa Shivji, katika jarida la wanafunzi la Cheche mwaka 1970, alizitilia shaka natija hizo kwa uhakiki wake The Silent Class Struggle. Somo la lazima ambalo haliwezi kumvumilia mwanafunzi wa aina hiyo ni jando tu.

Kipimo hicho hicho kikielekezwa Kenya ya leo, pengo moja linajitokeza. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa hadi kidato cha nne. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini akishavuka lango la chuo, mwanafunzi hukuta kozi ya stadi za mawasiliano ambayo kwa kawaida humaanisha stadi za kuandika Kiingereza. Matokeo yake huonekana wodini. Daktari anayejua vyema hatari za upasuaji hushindwa kuzieleza, na mtoto wa mgonjwa hugeuzwa mkalimani wa habari ambazo mzazi asingependa azisikie. Karatasi ya ridhaa hutiwa saini. Aliyeitia saini hakuelewa alichokiridhia. Huu si upungufu wa ufasaha. Ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Atatokea mwenye kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama hii si hoja ya walimu wa Kiswahili wanaojitafutia vipindi. Jibu ni kwamba kozi inayohitajika haiwi mali ya idara moja: yapaswa ifundishwe na mwalimu wa tiba, au wa kilimo, akishirikiana na mwalimu wa lugha, na itahiniwe kwa kumweleza mtu halisi jambo halisi. Isitoshe, kipimo hiki kinawaumiza walimu hao hao. Fasihi hakiipiti. Wapo wanaodai kwamba riwaya na tenzi hukuza huruma, kwa hiyo kila mhandisi azisome. Lakini yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani ya vitabu teule anajua kwamba shuruti huzalisha wasomaji wa miongozo, si wa riwaya. Fasihi ni kifaya. Jamii isiyo na wasomaji wake imepungukiwa, na dhima ya kuwavutia ni ya walimu wa fasihi, si ya Seneti.

Limesalia suala la anayelazimisha. Kozi za lazima ndizo aghalabu hurundikiwa mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, mbele ya mwalimu wa muda anayelipwa kwa kuchelewa. Chuo kinachotamka kwamba somo fulani halina badala, kisha kikalipa masalio ya bajeti yake, kinajikanusha. Kozi ya ain yastahili walimu wakongwe wa chuo, vikundi vidogo vya majadiliano, na mtihani unaodai zaidi ya kutia alama kwenye visanduku. Walimu wa kuifundisha hivyo wakikosekana, na iwe ya hiari hadi wapatikane.