Malkia wa Chungu Aliyedhoofika



Mwenye hekima, katika Mithali mlango wa 6, amtuma mtu mvivu kwenda kwa chungu, yaani sisimizi, akajifunze kwake. Somo hilo la bidii twalijua tangu utoto. Lakini mahali pale pale mna neno jingine ambalo mara nyingi twalipita upesi: ya kuwa chungu hana mkuu wala mtu wa kumtawala. Je, si watu husema kwamba chungu wana malkia? Basi na tumtazame malkia huyo ni nani, na jinsi atunzwavyo akiwa dhaifu. Maana katika habari zake limo fundisho kwa kila nyumba na kila usharika.

Sisi tukaao chini ya Meru twawajua sana siafu, wapitao katika migomba na mibuni wakati wa mvua. Malkia wao hana mabawa, naye huenda katikati ya jeshi kubwa la watoto wake. Sivyo walivyo chungu wavunao mbegu katika nyika za Afrika ya Mashariki. Malkia wao huruka mara moja tu katika maisha yake, mvua ikiisha kunyesha. Akiisha kukutana na dume, huyakata mabawa yake mwenyewe, huchimba shimo, akajifungia gizani peke yake. Majuma mengi hapati chakula kutoka nje. Misuli ile iliyoyatikisa mabawa huyeyuka mwilini mwake, ikawa riziki yake na ya watoto wake wa kwanza. Hao huwa wadogo kwa umbo kuliko watakaowafuata. Nao ndio wafunguao mlango na kwenda kutafuta mbegu. Tazameni basi: yule tumwitaye malkia hatoi amri yo yote. Yeye ni mama, naye ametoa mwili wake ili wengine waishi.

Katika Ulaya na nchi nyingine wako watu wafugao chungu nyumbani, katika vyombo vya kioo. Malkia akitunzwa vema aweza kuishi miaka mingi. Yuko mmoja wa chungu weusi wa Ulaya aliyeishi kwa mfugaji miaka zaidi ya 28. Lakini siku za hatari ni zile za kwanza, malkia angali peke yake. Mfugaji asiye na subira humwona ametulia, mayai hayaongezeki, akaingiwa na hofu. Humfunua mara kwa mara, humulika taa, hutikisa chupa, humtilia vyakula vya namna nyingi hata vikaota ukungu. Naye malkia kwa kufadhaika huyala mayai yake mwenyewe. Hivyo mfugaji amharibu yule aliyetaka kumwokoa.

Mwenye kujua kazi hiyo hufanya machache. Huweka maji nyuma ya pamba. Humpa giza, utulivu na joto la kiasi. Akimwona amedhoofika sana, humpa tone dogo la asali, kisha huondoa mabaki. Na kama watoto wake wa kwanza wamekufa wote, humletea wachache wa aina yake walio karibu kutoka, ili wawe mikono yake. Akiisha kufanya hayo, humwacha.

Liko tena pendo lisilo pendo, yaani tamaa ya kumiliki. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, katika Kaunti ya Nakuru huko Kenya, vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa wakiwa na chungu wapata 5,000, malkia wa wavuna mbegu wakiwamo, ndani ya vijichupa zaidi ya 2,000 vyenye pamba. Mwezi wa Mei mahakama ya Nairobi iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 za Kenya, ama kifungo cha miezi 12. Wako watu waliocheka, wakisema, Ni sisimizi tu. Lakini kila malkia achukuliwaye hivyo ni mji usiojengwa katika nyika ile. Na wavunaji hao ndio wachanganyao udongo na kuzitawanya mbegu za majani. Kitu kidogo machoni petu si kidogo mbele zake aliyekiumba.

Sasa, ndugu, na tuangalie nyumba zetu. Yuko mama aliyejifungua juzi, naye amechoka. Yuko mjane, matanga yakiisha. Yuko kijana aliyebatizwa mwaka huu, imani yake ingali changa. Hao wote wamo katika siku za shimoni: wanalisha wengine, au wanalisha tumaini lao, kwa nguvu za mwili wao wenyewe. Mtu aweza kuwaangamiza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwasahau, wasione hata maji. Ya pili ni kuwazunguka kwa maswali, mashauri na lawama, kila siku kuwafunua ili kuona kama wamekwisha kupona.

Kumbukeni jinsi Bwana alivyomtendea Eliya chini ya mti, alipoomba kufa. Hakumhoji kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Na swali likaja baadaye, huko mlimani. Na Bwana Yesu, katika Marko mlango wa 4, alinena habari za mpanzi alalaye na kuamka, na mbegu ikamea asivyojua yeye. Kazi ya kukuza si yetu.

Basi mwezi huu kila mmoja amtafute dhaifu mmoja aliye karibu naye. Mpelekee mtori, au ndoo ya maji, au mzigo wa kuni. Kama hana mikono ya kumsaidia, mtume binti yako akamfulie nguo. Keti kidogo, sema machache, ukaondoke kabla hajachoka. Kisha umwombee nyumbani kwako, mlango umefungwa. Wala usiache kurudi.

Bwana, aonaye hata gizani, atujalie pendo lenye subira. Amina.