Kalebu na Chuma Kitupu

Somo: Yoshua 14:6-15 na 15:13-19. Ibada ya pili, Ngong.

Mgeukie jirani yako umwambie, "Jirani, simama wima." Sasa mwangalie vizuri. Amesimama bila kushika kiti cha mbele? Wengine nimewaona mkishika. Haya, kaeni. Leo hata hilo la kukaa na kusimama tutalihubiri.

Nina miaka 52. Nianze na jambo la kuniaibisha, ndio mjue sitoki mlimani na mbao za mawe, natoka bafuni.

Mwezi wa kwanza mwaka jana mama yangu aliteleza bafuni, nyumbani kwetu upande wa Matasia. Ana miaka 79 na kilo 68. Mke wangu alikuwa amesafiri. Nikasikia kishindo, nikakimbia. Mama alikuwa anaongea, hakuwa amevunjika, ananiambia tu kwa upole, "Baba, niinue." Nikaingiza mikono chini ya makwapa yake nikavuta. Hakutoka. Nikavuta tena, mgongo ukalia kama mlango wa zamani, na nikajikuta nimekaa chini kwenye maji kando yake. Wapendwa, nimefanya huduma miaka mingi. Nimewaambia watu wengi wainuke. Siku hiyo nilishindwa kumwinua mtu mmoja, na ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kupigia simu, na huyo tulikuwa hatuongei.

Mnaikumbuka Juni 2024. Tarehe 25 vijana walijaa Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, wengine hawakurudi nyumbani, na kesho yake Rais akatangaza hatautia sahihi. Kijana wangu wa kwanza, wakati huo miaka 22, alipanda 111 asubuhi akaenda. Lakini sisi hatukugombana kwa sababu ya maandamano. Tuligombana kwa sababu ya swali. Siku hizo vijana walikuwa wanauliza makanisa kuhusu pesa za wanasiasa, na jioni moja tukiwa mezani akaniuliza: "Baba, mheshimiwa akija mnampa maikrofoni dakika ishirini. Kijana wa kanisa akitaka dakika mbili anaambiwa aandike barua. Kwa nini?" Sikujibu swali. Nilijibu ile sauti yake. Nikamwambia kwa nyumba yangu mtoto haulizi baba yake hivyo, na kama ana nyumba yake aende akaulize huko. Akakunja nguo, akapanga chumba kule Vet. Ikapita miezi saba.

Sasa nimekaa kwa maji, nampigia. Simu ya kwanza hakushika. Ya pili hakushika. Nikaandika maneno mawili: "Shosho ameanguka." Dakika ishirini hivi, bodaboda iko kwa geti.

Sikilizeni alichofanya, kwa sababu mtakihitaji. Hakumvuta. Aliuliza kwanza, "Shosho, unaumwa wapi? Sogeza miguu nione." Alipoona hakuna mfupa uliovunjika, akamlaza ubavu, akamsaidia kupiga magoti, akaleta kiti kigumu cha jikoni akakiweka mbele yake. Mikono juu ya kiti, mguu mmoja mbele, unyayo chini, na shosho akasukuma akainuka. Kijana akaweka kiti kingine nyuma, akamkalisha. Hayo yote alikuwa ameyaona kwa simu, ile simu niliyokuwa nikiikemea hapa kila mwezi. Kisha akanigeukia mimi, akaniinua pia.

Akitoka aliniambia neno moja: "Baba, tafuta jimu."

Sasa tuingie kwa Neno. Kalebu sisi watu wa umri wangu tunampenda sana. Alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kuipeleleza nchi, na sura ya 14 inamkuta ana 85, anamwambia Yoshua kwamba nguvu za siku ile bado anazo, za kutoka na kuingia vitani, apewe mlima ule wenye majitu na miji ya ngome. Tunapiga makofi hapo, tunasema amina, tunafunga Biblia. Kisha tunaenda nyumbani kwa gari, mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Mimi nilikuwa nikimhubiri Kalebu kama muujiza. Sikuwahi kujiuliza alifanya nini ile miaka 45 katikati. Alitembea jangwani, wapendwa! Alibeba hema, alichota maji, alipanda na kushuka. Mungu alimhifadhi, ndiyo, na hakumhifadhi akiwa amekaa kwenye sofa.

Kuna mtu hapa ameshika 1 Timotheo 4:8 kama ngao. Paulo anasema kuuzoeza mwili kunafaa kidogo, na utauwa unafaa kwa mambo yote. Nimelitumia andiko hilo mimi mwenyewe kukataa kutembea. Lakini soma polepole. Paulo amesema kidogo, hakusema bure. Ukimdai mtu, akuletee kidogo, utamrudishia? Ile kidogo ndiyo ilikosekana bafuni kwangu.

Nikatafuta jimu. Si zile za vioo. Ni ya mabati, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, shilingi 100 kwa siku, vyuma vingine ni ekseli ya gari na mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Mwalimu wa pale ana miaka 24. Nilifika na mwili wa mchungaji na kiburi cha mchungaji. Nikaona chuma kimepangwa uzito pande zote mbili, nikainama nikishike. Akaniambia, "Pasi, acha hiyo." Akanipa mti wa ufagio. Ufagio! Wiki nzima nikafundishwa kuchuchumaa na kuinama na mti wa ufagio, mgongo ukiwa sawa, mbele ya vijana niliowaombea wakiwa watoto. Wiki ya pili akanipa chuma kitupu, kilo 20 bila kitu pembeni. Nilitamani paa la mabati linifunike.

Nikimlalamikia Mungu usiku, likanijia jambo hili: wewe kila mwaka unawaambia vijana wa kwaya wawe na subira, waanze chini, wanyenyekee. Mara ya mwisho kuwa mwanafunzi wa mtu aliye mdogo kwako ilikuwa lini? Nikatafuta, sikuipata.

Niwape na ushauri wa mwili, maana mtu asitoke hapa akavunjike kwa jina langu. Misuli huanza kupungua polepole kuanzia miaka ya thelathini na kitu, na kadiri unavyozeeka ndivyo inavyokimbia. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, juu ya yale ya kutembea. Na usiseme umechelewa. Mwaka wa 1990 madaktari wa Boston kule Marekani walichapisha habari za wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wao 86 hadi 96, waliopewa mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hao wangekuwa wakubwa kwa Kalebu! Ila kama una presha au moyo, pitia kwa daktari kwanza, na ukiinua usibane pumzi. Mungu alikupa pumzi uitumie.

Mwili ulikuja haraka kuliko roho yangu, hiyo nakiri. Kazi kubwa ilikuwa watu. Siku za kwanza niliingia nikawasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, kama tunavyofanya hapa mlangoni. Mtu yuko katikati ya kuhesabu, ana chuma kifuani, mimi nimenyoosha mkono. Wengine walikuwa na vidude vya muziki masikioni wasinisikie, nikahesabu kila mmoja kuwa hana adabu. Nikipumzika naanza kushuhudia. Mwalimu akanijia taratibu: "Pasi, maliza seti kwanza. Hapa tunagonga ngumi, tunaongea tukimaliza." Na kweli, wakimaliza wanaongea, tena mambo mazito. Kijana mmoja aliniambia juu ya msongo wa mawazo ambao hajawahi kumwambia mtu wa kanisa. Alinieleza tukiwa tunapangusa jasho, macho yake kwa ukuta. Angeniona ofisini kwangu na tai asingesema.

Hapo nikaanza kuelewa hata simu ya kijana wangu. Kwangu simu isiyoshikwa ni tusi. Kwake, simu inayolia bila taarifa ni kama mtu anayeingia nyumbani bila hodi. Na mimi nilikuwa nimemtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, yaani mahubiri kamili, akanijibu na kidole gumba. Nilikasirika wiki mbili. Wenzangu, si kila tofauti ni dhambi. Ingine ni mlango tu uko upande ule mwingine wa nyumba.

Na vijana, msicheke sana. Nanyi mzee akikutembelea bila taarifa, anakuja kwa sababu kwao kutembelewa ndiko kupendwa.

Niseme hili la Rehoboamu kidogo. Tunamtumia sana kuwachapa vijana, kwamba alikataa shauri la wazee akafuata vijana aliokua nao. Lakini 1 Wafalme 14:21 inasema alianza kutawala akiwa na miaka 41. Kama walikua pamoja, hao "vijana" walikuwa na arobaini hivi. Hilo ni rika letu! Tusimsingizie mtu wa miaka 22.

Sasa sura ya 15, ile hatuisomi. Kalebu amewatoa majitu Hebroni. Ana nguvu bado. Mji unaofuata ni Debiri, na angeweza kwenda mwenyewe. Akamwachia mwingine. Othnieli, kijana wa ukoo wake, akauteka, na ndiye aliyekuja kuwa mwamuzi wa kwanza wa Israeli, Waamuzi 3. Kisha binti yake Kalebu, Aksa, anakuja na malalamiko. Anashuka kwa punda. Na yule mzee wa vita, mtu wa kuua majitu, anamuuliza binti anataka nini. Hakumuuliza "unaongea na nani". Aksa akasema shamba ulilonipa ni kavu, nipe na maji. Akampa chemchemi za juu na za chini.

Mimi kijana wangu aliniuliza swali, nikamwonyesha mlango.

Kwa wenyeji wa kaunti hii, Wamaasai, kuna jambo nimelifikiria sana. Rika la morani halilelewi na rika lililo juu yake moja kwa moja, maana hayo mawili hushindana. Linarukwa rika moja. Wazee wa kijiti cha moto, olpiron, ndio wanaowasha moto wa vijana na kuwasimamia. Sherehe zao za rika, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ziliingizwa na UNESCO mwaka wa 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sisemi tubebe kila mila tuingize kanisani. Nasema walijua kwamba baba na mwana wakikwama, mwite babu.

Kwetu aliitwa shosho. Mtaalamu wa viungo alisema mama afanye zoezi la kukaa kitini na kusimama, mara kumi, kila siku. Nani wa kumhesabia? Alinikataa mimi, ati napiga kelele. Akamtaka mjukuu. Kwa hivyo kila Jumamosi kijana anakuja, shosho anakaa na kusimama, wanacheka, mimi niko jikoni nachemsha chai. Mama alianza na mara mbili akishika meza. Sasa anafika kumi na mbili na mikono kifuani. Na mimi mwezi wa sita niliinua kilo 70 kutoka chini. Nilihesabu mara mbili. Ni mama na kilo mbili juu.

Jumamosi moja nikamwita kijana nje, nikamuuliza lile swali la Kalebu. "Unataka nini?" Alinyamaza sana. Nilidhani atataja maikrofoni. Akasema, "Twende Ngong Hills, mimi na wewe. Na usihubiri."

Tukapanda. Vilima vyetu ukiviangalia kutoka stendi vinaonekana vya upole, lakini ukishapita geti na ile mitambo ya upepo, kila ukimaliza kimoja unakuta kingine. Kwa cha tatu miguu yangu ilikuwa inatetemeka, ila ilinibeba. Sikuhubiri. Ilinigharimu kuliko zile kilo 70. Tulipokaa kwa nyasi nikamwambia, "Lile swali lako la dakika mbili, ulikuwa na haki kuliuliza. Na sikukufukuza kwa sababu ulikosea." Hakusema nimekusamehe. Alifungua chupa ya maji, akanywa, akanipa.

Kanisani bado hajarudi. Siwezi kuwadanganya. Ila nimelipeleka swali lake kwa baraza la wazee, na kuanzia mwezi ujao kijana atakayetaka kusema hataandika barua.

Wanamuziki, mnaweza kuja. Nataka wote wa miaka 40 kwenda juu mje hapa mbele. Usishike kiti, sukuma na miguu, polepole. Mwenye magoti mabaya asaidiwe. Sasa vijana, msibaki huko nyuma. Njoni mzunguke. Leo ninyi ndio mtatuwekea mikono.