Kompyuta ya mtumba haina debe wala mizani



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ndugu Waislamu, tumezoea katika safu kama hizi kuwakemea wafanyabiashara. Tunawasema wa Kariakoo, tunawasema madalali wa mazao, tunawasema wauza nyama. Leo anayekemewa ni mwandishi mwenyewe. Nimeona niliseme hili hadharani kwa sababu naamini wengi wetu tunaoishi mijini tumelifanya au tutalifanya.

Mwishoni mwa mwaka 2025 nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Unyambwa, moja ya kata za Manispaa ya Singida, kwa ajili ya hitima ya mjomba wangu. Ndani ya begi nilikuwa na kompyuta mpakato ambayo nilikuwa nimeacha kuitumia, kwa kuwa nimepata nyingine. Niliinunua Kariakoo mwaka 2021 kwa shilingi 650,000, na hata siku hiyo ilikuwa tayari ni mtumba.

Baada ya hitima, ustadhi wa madrasa ya pale akaiona. Wazazi walikuwa wakichanga kwa miezi mingi ili madrasa ipate kompyuta ya kuandikia mitihani, kutunzia orodha ya wanafunzi na kusikilizia visomo vya Qur'an. Wengine walichanga kwa kuuza kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika nchi nzima, lakini kwa mama wa kijijini kuku mmoja ni akiba ya ada, dawa na mafuta ya kula.

Ustadhi akaniuliza bei. Nikamwambia shilingi 450,000. Hakubishana. Alisema, "Kaka, mambo haya wewe ndiye unayeyajua. Ukisema ni hiyo, basi ni hiyo." Nikamwambia kwamba inapiga kazi vizuri. Akahesabu fedha, nyingi zikiwa noti ndogo ndogo, akanikabidhi. Tukapeana mikono, tukaombeana dua.

Baada ya wiki mbili akanipigia simu. Hakupiga kulalamika, alipiga kuomba maelekezo. "Kaka, umeme ukikatika inazimika hapo hapo. Nadhani ni mimi sijui kuitumia. Hebu nielekeze ninapokosea."

Ndugu msomaji, angenitukana ingekuwa nafuu. Nilikuwa najua kwamba betri ile imekufa zaidi ya mwaka. Nyumbani kwangu niliitumia ikiwa imechomekwa ukutani wakati wote. Nilijua pia kwamba bawaba moja ya kioo ina ufa. Na nilijua kwamba Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya mfumo wake wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mashine ile, yenye prosesa ya kizazi cha sita, haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi kuhamia Windows 11. Yote hayo niliyajua. Yeye alijua kitu kimoja tu, kwamba muuzaji ni Muislamu, mtu wa nyumbani, aliyekuja kusoma hitima.

Lumbesa ya mjini

Watu wa Singida hawahitaji kufundishwa maana ya kupunjwa. Wanalima vitunguu na alizeti, na wanaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba mpaka likapita ujazo wake, mkulima akalipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Wakala wa Vipimo umeipiga marufuku lumbesa, na kila msimu tunasikia viongozi wakiikemea. Kwa nini? Kwa sababu gunia lina kipimo, na anayezidisha au kupunguza anaonekana kwa macho.

Kompyuta ya mtumba haina debe wala mizani. Mashine mbili zinaweza kufanana kwa rangi, jina na ukubwa wa kioo, moja ikawa na thamani mara mbili ya mwenzake. Tofauti yao iko ndani, na anayeijua kwa kawaida ni muuzaji. Kwa hiyo katika biashara hii ulimi wa muuzaji ndiyo mizani. Akinyamaza, mizani imepinda.

Surat al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kipimo kamili, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Nilipokuwa nainunua mashine ile Kariakoo mwaka 2021, nilikagua betri, nikabonyeza kibodi herufi moja moja, nikauliza miezi ya dhamana, nikabishania bei nusu saa nzima. Nilitaka kipimo kamili. Nilipouza Unyambwa, nikanyamaza. Nakuachia msomaji uamue kama aya zile zinawahusu wapima nafaka peke yao.

Je, Uislamu umeweka kikomo cha faida?

Hapa tusiende pupa. Wapo watakaosema kwamba bei ni makubaliano, na ustadhi alikubali. Ni kweli kwamba sheria yetu haikuweka asilimia maalumu ya faida. Zilipopanda bei Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awawekee bei. Akakataa, akaeleza kwamba mwenye kupanga bei ni Allah, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Urwa al-Bariqi alipewa dinari moja anunue kondoo. Akanunua kondoo wawili, mmoja akamuuza kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari ile. Mtume (s.a.w.) hakumkaripia, bali alimwombea baraka katika biashara yake.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kupata faida. Kosa lilikuwa mahali pengine. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akaambiwa kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja nasi. Betri yangu iliyokufa ni nafaka iliyoloa. Mimi niliiweka chini, juu nikaweka maneno "inapiga kazi vizuri".

Halafu kuna suala la bei yenyewe. Wanavyuoni wanamzungumzia mtu aitwaye mustarsil, asiyejua bei wala hawezi kubishana, akamwachia muuzaji kwa kumwamini. Madhehebu ya Hanbali humpa mtu huyo haki ya kuvunja mauzo akigundua kwamba amepunjwa kupita kiasi. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, kupunjwa bei peke yake hakuvunji mauzo, lakini aibu iliyofichwa inampa mnunuzi haki ya kurudisha mali. Ningeweza kujificha nyuma ya nusu ya kwanza ya hukumu hiyo. Nusu ya pili ingenitoa nje.

Tena Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuwawahi njiani wenye misafara kabla hawajafika sokoni na kujua bei. Mimi sikumwahi muuzaji njiani. Nilimfuata mnunuzi karibu kilomita 700 kutoka kwenye soko ambalo lingemwambia ukweli. Maana ni ile ile, kunufaika na ujinga wa mwenzako kuhusu bei.

Hesabu niliyoifanya

Baada ya simu ile nilikwenda Kariakoo. Niliingia maduka matatu nikaulizia mashine ya aina ile ile na umri ule ule, ikiwa nzima na ina dhamana ya miezi mitatu. La kwanza walisema 350,000, la pili 370,000, la tatu 380,000. Nikachukua ya katikati, 370,000. Hiyo ndiyo bei ya mashine nzima, na yangu haikuwa nzima.

Nikatoa shilingi 70,000 niliyotajiwa kuwa bei ya betri. Ikabaki 300,000. Nikatoa 20,000 ya kutengeneza bawaba. Ikabaki 280,000. Kisha nikatoa 30,000 kwa kuwa mwenye duka anatoa dhamana na mimi sikutoa. Mashine ikifa kesho, hasara yote ni ya madrasa. Ikabaki 250,000.

Suala la Windows sikulitolea kitu, kwa sababu bei ya madukani kwa mashine za kizazi kile imeshaubeba upungufu huo. Lakini kutopunguza bei si ruhusa ya kunyamaza. Ilikuwa wajibu wangu kumwambia kwamba kompyuta itaendelea kuandika na kusoma kama kawaida, ila akiiunganisha na intaneti bila marekebisho ya usalama awe na tahadhari, au aweke mfumo wa Linux ambao hauuzwi.

Nafsi haikukubali kirahisi. Ikaniambia, "Lakini wewe ulinunua 650,000." Nikaijibu kwamba miaka minne ya matumizi niliila mimi, siwezi kumtoza ustadhi. Ikaniambia, "Umeisafirisha mpaka Singida." Ni kweli kwamba mfanyabiashara anayepeleka mali mkoani ana haki ya kuongeza gharama za safari. Ila tiketi yangu ilikuwa ya hitima, na kompyuta ilipanda basi bure. Ikaniambia, "Fedha zenyewe umeshazitumia." Hapo sikuwa na jibu isipokuwa kukopa.

Nilimpigia ustadhi nikamweleza yote, aibu moja baada ya nyingine, pamoja na hesabu. Nikampa hiari mbili, anirudishie mashine nimrudishie 450,000 yote, au abaki nayo kwa 250,000 nimrudishie 200,000. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, ngoja niwaulize wazazi, fedha ni zao." Wakachagua kubaki nayo. Nikatuma 200,000 kwa simu siku ile ile, na sehemu yake ikanunua betri. Sikuitoa kama sadaka, na naomba asije mtu akaniandikia kunipongeza. Nilirudisha mali ya watu.

Kipimo ni kipi?

Kutokana na mkasa huu nimejiwekea kanuni moja. Bei ya haki ya kitu kilichotumika ni ile ambayo ungeweza kuitaja mbele ya mtu anayekijua kitu hicho kama unavyokijua wewe. Kama bei yako inaweza kusimama tu mnunuzi akiwa hajui, basi ile ziada si faida, ni thamani ya ujinga wake, na ujinga wa ndugu yako si mali yako.

Kanuni hii inamkata mnunuzi pia. Kuna kijana wa chuo amekwama ada, anauza kompyuta yenye thamani ya 400,000, nawe unamtajia 120,000 kwa kuwa unaona jasho lake. Jarir bin Abdillah, aliyempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia heri kila Muislamu, alinunuliwa na mtumishi wake farasi kwa dirham 300. Imepokewa kwamba alimwendea mwenye farasi akamwambia kuwa mnyama wake ana thamani zaidi, akawa anaongeza mia baada ya mia mpaka zikafika 800. Mnunuzi ndiye aliyekuwa akipandisha bei! Leo tungemwita mjinga.

Na ukiona mashine inauzwa kwa bei ya kutupa, haina chaja, na muuzaji hataki kueleza aliipata wapi, ujue kwamba pengine mwenyewe anaitafuta. Hiyo si rahisi, ni ghali mno.

Ndugu zangu, Desemba na Ramadhani tunarudi vijijini na mabegi. Tunabeba simu, redio, pikipiki na kompyuta tulizozichoka, na huko tunapokelewa kama watu wanaojua. Kabla ya kutaja bei, washa kitu hicho mbele ya mnunuzi. Chomoa waya wa umeme aone betri inadumu kiasi gani. Taja umri wake, taja kilichovunjika, futa vilivyo vyako na vya watu, kwa kuwa picha na barua za wengine ni amana. Kisha mwambie, "Kapige simu mjini uulize bei, nakusubiri." Akirudi na bado anaitaka, chukua faida yako kwa moyo mkunjufu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa.

Nimeambiwa kwamba siku hizi umeme ukikatika Unyambwa, visomo vinaendelea. Namuomba Allah anisamehe zile wiki mbili ambazo mwalimu wa watoto alidhani kosa ni lake.

Wabillahi tawfiq.