Bashiri Kwanza, Ndipo Ubonyeze

Wajukuu zangu mnaosoma fizikia, wa Diani, wa Msambweni na wa kule Lunga Lunga, nina neno nanyi juu ya simu. Siwaambii mziweke kando. Anayesema simu haina faida hajui kilichomo ndani yake. Ninachosema ni kwamba mnatazama mno na mnapima kidogo, na mtihani haumuulizi mtu ametazama nini.

Chukueni KCSE. Karatasi ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, ya tatu ina 40. Hiyo ya tatu hufanyiwa maabara kwa saa mbili na nusu, na hapo kinachosema ni mkono: kufunga uzi, kusoma rula, kujaza jedwali, kuchora grafu. Video haijamfundisha mtu kufunga uzi.

Basi anzeni na chubwi. Chukua mshipi wa kuvulia, funga chubwi, uning'inize kwenye boriti au tawi la mwembe, urefu uwe mita 1 kutoka kifundo cha juu hadi katikati ya chubwi. Ivute kidogo, iachie, uhesabu kwenda na kurudi mara 20 huku saa ya simu ikikimbia. Utapata sekunde 40 hivi. Sasa, kabla hujagusa kitu, andika kwenye daftari: nikifupisha mshipi hadi sentimita 25, nitapata ngapi? Wengi wenu mtaandika 10, maana urefu umebaki robo. Pima. Ni 20. Kile kipeuo cha pili mlichokikariri kwenye fomula mmekiona kwa macho, na hakitawatoka. Kisha funga chubwi nzito zaidi, urefu ule ule, na kabla ya kupima andika tena unachotarajia.

Na mbona mara 20, si mara moja? Kidole huchelewa kubonyeza saa, tuseme sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukipima mara moja, kosa lote linaangukia hapo hapo. Ukipima mara 20 linagawanyika, na kila mara moja inabaki na sehemu moja ya mia ya sekunde tu. Mtahini anaijua tofauti hiyo.

Na huko kubashiri kabla ya kupima ndiko kunakowapa kipimo cha kuchagulia vyombo vya kusomea. Kinachokungoja ubashiri ni chema. Kinachokupa jibu kabla hujafikiri kinakuibia. Simulesheni za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, alizozianzisha Carl Wieman mwaka 2002, ni njema sana zikitumiwa hivyo. Ni bure, baadhi zipo kwa Kiswahili, na unaweza kuzipakua penye mtandao wa shule ukazitumia nyumbani bila bando. Unganisha betri na balbu, andika mwanga utakuwaje ukiongeza balbu ya pili, ndipo ubonyeze. Mwenye kubonyeza tu anacheza gemu. Kuna pia phyphox, ya Chuo Kikuu cha Aachen, Ujerumani, inayogeuza simu kuwa chombo cha kupimia: mtikisiko, sauti, sumaku, kwa kadiri ya vihisi vilivyomo. Simu ya bei ndogo haina vyote, lakini vilivyomo vinatosha kwa kazi nyingi. Kwa kusoma, vitabu vya OpenStax ni bure, ingawa vinapita mtaala wenu. Cha KLB ndicho kikae mezani.

Ninachokiogopa ni zile programu za kupiga swali picha zikakurudishia hatua zote. Utaona umeelewa. Funga simu ulifanye swali lile lile upya, ndipo utakapojua.

Halafu mna maabara ambayo watoto wa Nairobi hawana. Kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini hapa Kwale. Mnadhani madini ya ilmenaiti, rutili na zirkoni yalichambuliwa na nani, malaika? Maji na mvutano wa dunia vilitenga mchanga mzito na mwepesi. Sumaku ikaivuta ilmenaiti. Rutili na zirkoni zikatenganishwa kwa umeme, kwa kuwa rutili hupitisha umeme na zirkoni haipitishi. Sura tatu za kitabu chenu, na malori yakipita mbele yenu! Tafuteni mchanga mweusi pwani au mtoni, mpitishe juu yake sumaku ya spika iliyokufa, mwone punje zipi zinaruka na zipi zinabaki. Na maji yakitoka, mfuateni mama anayechokoa pweza, mumuulize kwa nini hapigi pale macho yanapomwonyesha.

Ng'ambo ya mpaka tu, mkoa wa Tanga, mwaka 1963 mwanafunzi wa Magamba aitwaye Erasto Mpemba alitia maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alichekwa darasani. Hakuliacha swali lake. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo, wengine wakikana kabisa, na jambo lenyewe linaitwa kwa jina lake. Vyombo vyake vilikuwa friza na ukaidi.

La mwisho, na hili nalisema kwa ukali. Wanaouza karatasi za KCSE Telegram ni matapeli, na mnawapa fedha ambazo mama ametembeza samaki kuzipata. Fedha hizo nendeni nazo Ukunda kwa muuza vifaa vya umeme. Nunueni multimita ndogo, nyaya, balbu mbili na betri, mchangie watu wanne. Jumamosi mkae chini ya mti, mmoja apime, mmoja aandike, na hao wawili wabishane kabla ya kila kipimo.